Karabai, thoriamu na kipima mionzi: dalili, chanzo na la kufanya

Mwali wa karabai peke yake ni hafifu, wa rangi ya buluu, na hautoshi hata kusomea. Kinachong'aa ni kile kifuko cha wavu kinachofungwa kwa uzi kwenye pua ya taa. Wapo wanaokiita soksi, wapo wanaokiita utambi. Hapa tutakiita kifuko. Kitambaa chake huungua mara ya kwanza taa inapowashwa, yakabaki majivu magumu yenye umbo lilelile, na majivu hayo ndiyo hung'aa yakipata moto.

Mvumbuzi wake ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Vifuko vyake vya mwaka 1885 vilikuwa na magnesiamu, lanthanamu na itriamu, vikatoa mwanga wa kijanikijani ambao watu hawakuupenda. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliokaa: oksidi ya thoriamu kama asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Oksidi ya thoriamu huvumilia moto mkali bila kuyeyuka (kiwango chake cha kuyeyuka ni zaidi ya nyuzi 3,300 za Selsiasi), na ile seriamu kidogo hugeuza joto kuwa mwanga mweupe. Thoriamu ni nururifu, yaani hutoa mionzi yenyewe. Kifuko kimoja cha aina hiyo huwa na takriban miligramu 250 hadi 400, na kwa kuwa gramu moja ya thoriamu-232 (aina yake ya asili) ina bekereli 4,060 hivi (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde), kifuko chenye miligramu 300 kina kama bekereli 1,200 za thoriamu-232 yenyewe, mbali na vizazi vyake, yaani elementi zinazozaliwa thoriamu inapovunjika.

Jambo moja lishikwe kabla ya yote, maana majibu mengi hapa chini yanatoka humo. Thoriamu hutoa miale ya alfa, ambayo haivuki karatasi wala ngozi ya juu ya mkono. Beta na gama, miale inayopenya zaidi inayotoka kwenye vizazi vyake, zipo, ila ni kidogo. Kifuko kizima kilichotulia ndani ya taa karibu hakikufanyi kitu. Kifuko kilichosagika kikaingia mapafuni ni habari nyingine, kwa sababu hapo alfa haina karatasi ya kuizuia, na oksidi ya thoriamu hukaa mwilini miaka mingi. Kwa hiyo unachopigana nacho ni vumbi, na kila hatua ipimwe kwa swali hilo: je, hii itatimua vumbi au italituliza?

Kipima mionzi kinalia karibu na taa, na namba inatisha

Kwanza jua kawaida ya mahali ulipo. Weka kipima mbali na taa, mita 3 au zaidi, uhesabu milio kwa dakika 10. Halafu kisogeze hadi sentimita 1 kutoka kwenye kifuko, bila kukigusa, uhesabu dakika 10 tena. Usihukumu kwa milio ya sekunde chache, kwa sababu mionzi huja kwa bahati nasibu. Ukipata milio 200 mara ya kwanza, na mara ya pili ukapata 240, hujapata kitu. Kipeuo cha pili cha jumla, yaani 440, ni kama 21, na tofauti inayoaminika inapaswa kuzidi mara tatu ya hapo, yaani zaidi ya 60. Kifuko chenye thoriamu kwa kawaida hakikuachi na shaka: hesabu hupanda mara kadhaa.

Kisha tenganisha miale. Weka karatasi moja kati ya kifuko na kipima. Hesabu ikishuka, ulichokata ni alfa (vipima vyenye dirisha jembamba la maika pekee ndivyo huiona). Badala ya karatasi weka bamba la alumini la milimita 3. Hapo beta nyingi hukatika, na kinachobaki karibu chote ni gama. Kwa kawaida utaona hesabu ikianguka sana, na hapo ndipo kosa kubwa la watu linapojitokeza. Vipima vingi vya bei ndogo vimelinganishwa na gama ya seziamu-137, na huigeuza kila milio kuwa mikrosiverti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa saa kana kwamba yote ni gama. Ukikibandika kwenye kifuko, beta zinahesabiwa kama gama na namba inavimba. Usome mikrosiverti ukiwa umeweka alumini, au usizisome kabisa, hesabu milio tu.

Sogea sasa hadi mita 1 na upime tena. Mara nyingi huwezi kutofautisha kifuko kimoja na kawaida ya mahali. Makadirio ya mwaka 1981 yalionesha kwamba mtu anayetumia taa ya thoriamu kila mwisho wa juma kwa mwaka mzima hupata mikrosiverti 3 hadi 6, wakati mwanadamu wa kawaida duniani hupata takriban mikrosiverti 2,400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula. Makadirio hayo yanachukulia kwamba kifuko ni kizima, na hilo lisisahaulike.

Pakiti inasema thoriamu, lakini kipima kiko kimya

Angalia mambo ya wazi kwanza: kifuniko cha mdomo wa kipima hakijaondolewa, betri imelegea, au kipima ni cha aina ya bomba nene la chuma lisilopitisha beta laini. Hayo yakiwa sawa, fikiria umri wa kifuko.

Thoriamu inaposafishwa kiwandani, radiamu yake hutolewa. Inabaki thoriamu-232 pamoja na thoriamu-228, kwa kuwa ni elementi ileile na kemia haizitenganishi. Zote mbili hutoa alfa, na kipima cha kawaida hakizisikii. Vizazi vinavyopiga kelele ya beta na gama, yaani aktiniamu-228, risasi-212, bismathi-212 na taliamu-208, hurudi polepole. Wiki tatu hivi baada ya kusafishwa, kundi linalotokana na thoriamu-228 limeshajaa. Lakini thoriamu-228 yenyewe hupungua nusu kila miaka 1.9, na mama yake, radiamu-228, huchukua muda kurudi kwa sababu nusu-maisha yake, yaani muda wa kupungua nusu, ni miaka 5.75. Matokeo yake ni kwamba sehemu hiyo ya mnyororo wa vizazi hushuka kwa miaka minne au mitano ya mwanzo, hadi chini kidogo ya nusu, kisha huanza kupanda tena na kuendelea kupanda kwa miongo. Ndiyo maana pakiti iliyosahaulika kabatini tangu zamani hupiga kelele kuliko mpya, ingawa uzito wa thoriamu ni uleule.

Sababu ya tatu ni ya hivi karibuni: kifuko kimetoka kuchomwa. Moto wa kwanza hufukuza sehemu ya radiamu, risasi na bismathi. Ukipima saa moja baadaye utapata kidogo. Kipime tena baada ya wiki chache, hesabu itakuwa imepanda. Thoriamu haikwenda popote, na isikufanye uone kifuko kile kuwa salama zaidi kikivunjika.

Na kama pakiti haisemi chochote? Ukimya wa pakiti si ushahidi wa upande wowote, hasa kwa vifuko vya zamani. Viwanda vingi vimehamia itriamu au zirkoniamu tangu miaka ya 1990, na itriamu ya asili si nururifu. Lakini viwanda vya thoriamu havikufungwa vyote. Neno la kweli ni la kipima.

Moshi na harufu kali kifuko kipya kinapochomwa

Moshi huo ni wa kawaida, lakini usiuvute. Kitambaa kimelowekwa nitrati za thoriamu na seriamu, na nitrati zinapoungua hutoa gesi za oksidi za naitrojeni zenye kuwasha pua na koo. Pamoja nazo hutoka ile radiamu na risasi iliyotajwa juu. Vifuko vya zamani vilikuwa na beriliamu kidogo pia, ya kuvipa uimara, na sehemu kubwa yake ilitoka katika dakika 15 za kwanza. Beriliamu ni sumu ya mapafu, na mimi ningeiogopa kuliko thoriamu katika hatua hii.

Fanya hivi. Toka nje ya hema, mbali na jiko na chakula. Mafuta au gesi iwe imefungwa. Funga kifuko kwenye pua, uzi ukae kwenye mfereji wake, usambaze makunyanzi sawasawa kuzunguka pua yote, kisha ukate uzi uliozidi ubaki milimita 3 hivi. Vuta kifuko kidogo kwa vidole kipate umbo la duara. Kiwashe kwa kiberiti sehemu ya chini, pointi tatu au nne, ukisimama upande upepo unakotoka. Acha kiungue chenyewe hadi kiwe cheupe chote, bila sehemu nyeusi. Kikipoa kidogo fungua mafuta, washa taa, uiache iwake nje dakika 20. Baada ya hapo ndipo taa isogezwe mahali pa watu. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula si jambo la hiari, kwa sababu kifuko ambacho hakijachomwa huacha chembe vidoleni.

Kifuko kinatoboka au kupasuka mapema

Hili ndilo tatizo lenye uhusiano wa karibu zaidi na mionzi, ingawa watu hulichukulia kama usumbufu wa matumizi tu. Kila kifuko kinachovunjika ni vumbi jipya. Taa inayovunja kifuko kimoja kwa wiki inamweka mwenyewe karibu na thoriamu zaidi kuliko taa inayokaa na kifuko kilekile msimu mzima. Kwa hiyo usibadilishe kifuko bila kutafuta chanzo.

Angalia tundu lilipo. Tundu likiwa ubavuni, mahali palepale kila mara, mafuta yanarushwa upande huo. Sababu ni nozeli iliyolegea au kupinda, au pua ya kauri yenye ufa unaopeleka mwali kombo. Iwashe taa usiku uitazame: ubavu mmoja utakuwa mweupe sana na mwingine mwekundu. Kaza nozeli, safisha tundu lake kwa sindano yake, na pua yenye ufa ibadilishwe, haigundiki. Tundu likiwa chini kabisa, mara nyingi ni mafuta ya maji yaliyofika kabla hayajageuka mvuke, kwa kuwa taa haikupashwa joto vya kutosha. Kwa karabai ya mafuta ya taa, kikombe cha spiriti kiungue hadi kiishe, na kukiwa na baridi kiungue mara mbili, ndipo ufungue.

Kifuko kikipasuka juu, karibu na uzi, uzi ulikazwa upande mmoja au makunyanzi yalirundikana mahali pamoja. Majivu hunywea yanapoungua, na pale yalipovutwa zaidi ndipo yanapokatika.

Halafu kuna kubeba. Kifuko kilichochomwa ni kauri nyembamba kama ganda la kitunguu. Kukibeba garini kikiwa ndani ya taa ni kukivunja. Ukisafiri na taa yenye kifuko cha thoriamu, chukulia kwamba kitavunjika njiani: funika taa nzima kwa mfuko wa plastiki uliofungwa, na ufungue mfuko huo nje, si ndani ya gari.

Wadudu nao hutoboa kwa kujigonga. Kioo kisicho na ufa na kofia iliyokaa vizuri vinatosha.

Taa isiendelee kuwashwa ikiwa na tundu, hata dogo. Mwali unaotoka kwenye tundu hupiga kioo sehemu moja, kioo hupasuka, na sasa una vumbi la thoriamu likichanganyika na vipande vya kioo, ambavyo ndivyo huingiza chembe chini ya ngozi.

Kifuko ni cheusi, au mwanga ni mwekundu

Wengine hudhani weusi huo ni "thoriamu kuchoka". Thoriamu-232 ina nusu-maisha ya miaka bilioni 14, kwa hiyo haichoki mbele ya macho yetu. Weusi ni masizi: mafuta mengi, hewa kidogo. Tazama bomba la kuingizia hewa kwanza, maana buibui hupenda kujenga humo taa ikikaa bila kutumika. Kisha nozeli: tundu lililochimbika kwa kusuguliwa na sindano kwa miaka hupitisha mafuta kupita kiasi na dawa yake ni nozeli mpya. Shinikizo likiwa dogo, piga pampu, na pampu isiyoshika huwa wosha yake ya ngozi (kile kiduara cha kuziba hewa) imekauka, matone machache ya mafuta huirudisha.

Masizi yenyewe yaachie moto. Rekebisha hewa, ongeza shinikizo, taa iwake kwa nguvu dakika chache, yataungua yenyewe. Usiyapukute kwa brashi wala kuyapuliza. Hapo utapukuta na kifuko.

Mwanga mwekundu bila masizi una chanzo kingine: kifuko cha itriamu hung'aa kidogo kuliko cha thoriamu na kwa rangi ya joto zaidi, na seriamu ikizidi huvuta mwanga kuelekea njano. Hakuna cha kutengeneza hapo, na kurudi kwenye thoriamu kwa ajili ya weupe zaidi hakuna sababu ya kutosha.

Kifuko kimevunjika, kuna unga mweupe ndani ya taa

Zima taa, iache ipoe dakika 30. Kisha:

1. Ipeleke nje ikiwa wima, polepole. Vaa glavu za mpira na barakoa ya kuchuja vumbi, N95 au FFP2. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi.
2. Tandaza plastiki, na juu yake gazeti lililolowanishwa. Taa ikae juu yake.
3. Ondoa kofia, kisha kioo, kwa kukiinua moja kwa moja bila kukizungusha.
4. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Nyunyizia ukungu kutoka umbali wa sentimita 30 hivi, ukungu ushuke wenyewe juu ya unga. Ukisogea karibu, hewa ya chupa itarusha kile ulichotaka kukilowesha.
5. Kwa karatasi ya jikoni iliyolowa, okota mabaki na kipande cha uzi. Kunja karatasi kwa ndani baada ya kila mfuto, isitumike upande uleule mara mbili.
6. Futa kitako kutoka penye usafi kuelekea penye uchafu. Futa ndani ya kioo vivyo hivyo kabla ya kukiosha.
7. Kunja gazeti na plastiki kwa ndani, weka pamoja na karatasi zote kwenye mfuko, vua glavu kwa kuzigeuza, zitie humo, ufunge. Mfuko huo uingie ndani ya mfuko wa pili.
8. Nawa mikono na uso kwa sabuni. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Kupuliza kwa mdomo, kufagia, na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ni makosa matatu yanayorudiwa kila siku. Mashine ya kawaida inanyonya unga mbele na kuutema mwembamba zaidi nyuma, chumba kizima.

Umeshasafisha, kipima bado kinalia

Usianze kusugua tena papo hapo. Katika mnyororo wa thoriamu imo gesi, radoni-220, iitwayo pia thoroni. Hudumu muda mfupi (nusu-maisha ni sekunde 56 hivi), lakini ikigeuka huacha risasi-212 juu ya chochote kilicho karibu: kioo, kofia, ukuta wa sanduku la kuhifadhia. Hiyo risasi-212 hupungua nusu kila saa 10.6. Kwa hiyo kipima chenyewe kinaweza kukuambia ulichonacho. Pima sehemu inayolia kwa dakika 10, andika hesabu, toa ile ya kawaida. Funika, uache siku mbili pasipo kifuko chochote karibu, upime tena palepale, kwa umbali uleule. Hesabu ikiwa imebaki chini ya sehemu moja ya ishirini, ilikuwa ni vizazi vya thoroni, na hakuna cha kufuta. Hesabu ikiwa palepale, una vumbi la thoriamu au radiamu iliyoganda: rudia hatua ya 4 hadi 8, ukianza na mfereji wa uzi kwenye pua na mkunjo wa ndani wa kofia, mahali ambapo kitambaa huwa hakifiki.

Kofia ya taa iliyotumika miaka mingi inaweza kubaki na radiamu iliyofukuzwa na moto wa vifuko vingi. Imeshikana na chuma, haitimki. Usiikwangue kwa msasa. Ikikusumbua, badilisha kofia.

Jaribio la thoroni linaweza kufanywa pia na kifuko kipya: kifunge kwenye karatasi laini, ukiweke siku nzima kwenye mkebe wenye kifuniko, fungua nje, kitoe, futa ukuta wa ndani kwa karatasi kavu na uipime kila baada ya saa chache. Kushuka kwa hesabu hadi nusu mnamo saa 10 au 11 ni alama ya thoriamu ambayo itriamu haiwezi kuiiga.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, taa ikiwa hemani

Toka nje sasa hivi, na utoe wengine wote, hata waliolala. Hii si mionzi. Dalili za mionzi huhitaji mamia ya milisiverti (milisiverti moja ni mikrosiverti 1,000) kwa mpigo mmoja, na tumeona taa hutoa mikrosiverti chache kwa mwaka. Hii ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, na huua watu wakiwa usingizini. Aliyezirai au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali hata akipata nafuu hewani. Karabai, iwe ya thoriamu au ya itriamu, ya mafuta au ya gesi, haina nafasi ndani ya hema lililofungwa. Inauma kuona mtu ametafuta vifuko visivyo na mionzi kwa uangalifu wote, halafu akalala na taa imewashwa na zipu imefungwa.

Mtoto amekiweka kifuko mdomoni

Toa vipande mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye maji, asukutue na kutema, anawe mikono na uso. Usimtapishe. Makadirio ya kumeza kifuko kizima ni kama milisiverti 2, chini ya mionzi ya asili ya mwaka mmoja, kwa sababu utumbo hunyonya sehemu ndogo sana ya oksidi ya thoriamu na inayobaki hutoka na choo. Kifuko ambacho hakijachomwa kina nitrati zinazoyeyuka, kwa hiyo mpeleke kwa daktari na pakiti mkononi. Kidonda chenye unga kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka. Kikiwa na kipande cha kioo ndani, aachiwe mtaalamu.

Kuhifadhi na kutupa

Vifuko ambavyo havijatumika vibaki kwenye pakiti zao, ndani ya mkebe wenye kifuniko na jina juu yake, mbali na vyombo vya chakula na chumba cha kulala. Usirundike. Pakiti moja haina neno, ila dazeni kadhaa pamoja zitaonekana hata kwenye milango ya kupimia mionzi mipakani na viwanja vya ndege, na mzigo wako utafunguliwa.

Kuhusu kutupa, sheria hutofautiana. Marekani, kwa mfano, huviondoa vifuko hivi kwenye sharti la leseni kwa mtumiaji. Kwingine mamlaka ya mionzi huvipokea, kwa hiyo uliza kwanza. Penye ruhusa ya kutupa na taka za nyumbani, kifuko kiwe kimeloweshwa, ndani ya mifuko miwili iliyofungwa. Taka hizo zisichomwe moto kamwe, wala majivu yake yasimwagwe bustanini. Thoriamu haiungui, itabaki kwenye majivu.

Alama inayong'aa kwenye taa bila betri imefifia

Baadhi ya taa, dira na vishikio vya zipu za hema huwa na kijibomba cha kioo kinachong'aa usiku kucha. Kama hung'aa bila kumulikwa kwanza, ndani mna tritiamu. Nusu-maisha yake ni miaka 12.3, kwa hiyo kufifia ni umri tu, hakuna matengenezo. Kipima chako hakitasema kitu, kwa sababu beta yake ni dhaifu mno kuvuka kioo. Kijibomba kikivunjika, fungua milango na madirisha, ondoka chumbani kwa muda, kisha okota vioo kwa glavu.

Alama inayohitaji kumulikwa ndipo ing'ae, kisha ikafifia ndani ya saa kadhaa, kwa kawaida ni rangi ya strontiamu aluminati, ambayo si nururifu. Dira ya zamani sana ambayo haing'ai tena lakini inalifanya kipima kilie kwa nguvu ina radiamu-226. Rangi imekufa, radiamu bado, maana nusu-maisha yake ni miaka 1,600. Hiyo usiifungue kioo, usiikwangue. Itie kwenye mfuko unaofungika na uulize mamlaka ya mionzi pa kuipeleka.